Kompyuta Inaganda? Madabodi Usinunue Kwanza

Juzi usiku msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kompyuta niliyoiunda mwenyewe inaganda kila siku. Fundi anasema madabodi imekufa, ninunue nyingine. Nina laki tatu tu na ni hela ya ada. Nifanyeje?"

Madabodi ni ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta. Nikamjibu marahaba, nikamsihi asitoe hata shilingi mpaka tuzungumze. Baada ya hapo usingizi haukuja. Yaliyompata yeye yalishanipata mimi, na mimi hakuna aliyenizuia mkono.

Mashine yangu niliiunda mwaka 2021 kwa hela za kupiga video za harusi. Prosesa (ubongo wa mashine) ya Ryzen 5 3600, RAM (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8, SSD ya kuhifadhia kazi, kesi nyeusi yenye feni tatu. Vifaa vingi nilivitafuta Kariakoo, duka hadi duka, karatasi ya bei mkononi. Siku ilipowaka mara ya kwanza nilimwita mama aje ashuhudie. Sijasomea kompyuta popote, na kitu kile nilikiunganisha kwa mikono yangu hii, kikafanya kazi zaidi ya mwaka bila kunisumbua.

Agosti 2022 nikahama Sinza kwenda Kimara. Wiki hiyohiyo nikaongeza RAM mbili nyingine za GB 8 ili nifike GB 32, na nikakubali sasisho kubwa la Windows nililokuwa naliahirisha. Mambo matatu, wiki moja. Mashine ilipoanza kuganda sikuwa na namna ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu lililoleta balaa, na kutojua huko kulinila miezi mitatu.

Kuganda kwenyewe kulikuwa hivi. Niko katikati ya kuhariri, sauti ya MC inakwama kwenye silabi moja na kugeuka mlio kama wa nyuki. Mshale wa mausi unasimama. Saa ya kwenye kona inabaki 02:13 hata adhana ya alfajiri ikipita. Nabonyeza Caps Lock, taa yake haibadiliki. Hapo ni kushikilia kitufe cha kuzimia mpaka feni zinyamaze. Hilo la Caps Lock lishike sana. Taa ikiwaka na kuzima, Windows bado inapumua, huenda ni programu tu iliyokwama. Taa ikigoma kabisa, mashine nzima imesimama, na kosa litafute kwenye vifaa au draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa hivyo.

Washauri hawakukosekana. Fundi wa kwanza alisema virusi, akapiga Windows upya kwa elfu thelathini. Ikatulia siku mbili. Wa pili akasema joto, nikapuliza vumbi lote na kubadili pesti ya kupitishia joto la prosesa. Nilipokuja kupima kwa HWiNFO, programu inayosoma joto la vifaa, wakati wa kurenda (kutoa video iliyokamilika), joto lilikuwa nyuzi 78, na prosesa ile kikomo chake ni 95. Kwa hiyo joto halikuhusika, na kama ningepima kabla ya kufungua kesi ningelijua hilo kwa dakika kumi. Jirani akasema umeme wa huku juu haujatulia, nikanunua stabilaiza kwa laki moja na ishirini.

Ikaja siku niliyofungua mwenyewe Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, nikakuta pameandikwa tena na tena: Kernel-Power, namba 41. Nilipoona neno Power niliamini nimemkamata mwizi. Kesho yake nikatoa laki mbili na kumi nikanunua pawa saplai mpya, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 650. Usiku uleule mashine ikaganda.

Nataka hili lieleweke vizuri, maana naona wengi wanaingia shimo hilohilo. Namba 41 haisemi pawa saplai ni mbovu. Inasema tu kwamba Windows imewaka na kukuta kuwa mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Kilichoizima ni kidole changu, kila nilipokata tamaa na kushikilia kile kitufe. Nilikuwa nasoma alama za kidole changu mwenyewe na kuzilipia laki mbili.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Kulikuwa na kazi ya familia moja: send-off na harusi, video ioneshwe siku ya kuvunja kamati. Usiku wa kuamkia siku hiyo mashine iliganda mara nne. Ya nne ilipowaka, faili la mradi halikufunguka. Wiki mbili za kazi. Nilikwenda ukumbini mikono mitupu, projekta imeshafungwa, watu wamekaa, nikasimama mbele ya mama wa bibi harusi nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Jioni, kwenye grupu la kamati, mtu akaandika kwamba hela yao imeliwa na tapeli. Nilirudisha malipo yao yote kwa awamu, nikawapa na video baadaye bure. Lile neno hakuna aliyelifuta. Mpaka leo nikikutana na watu wa familia ile huwa nawaamkia, na wapo wasioitikia.

RAM nilikuwa nimeshaitoa kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa sababu kipimo kinachokuja na Windows kilisema haina tatizo. Nilikipitisha mara moja, kwa haraka, nikaridhika. Hapo ndipo nilipopotea zaidi. Baada ya ile aibu nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikawasha mashine kupitia flashi hiyo na kuiacha usiku kucha. Toleo la bure hupita duru nne. Duru ya kwanza ilikuwa safi, ya pili safi. Saa tisa usiku, duru ya tatu, nikaamka kwenda kuchungulia: makosa 17. Nilipiga ukelele peke yangu chumbani.

Nikachomoa RAM zote, nikapima moja moja, kila moja usiku wake. Zote nne nzima! Nikapima mbili mbili, nzima. Nikizirudisha nne pamoja, makosa yanarudi. Kumbe hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, nilikuwa nimewasha XMP, mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, ili zikimbie kwa kasi ya 3200, na zikiwa mbili prosesa ile inazimudu bila shida. Ukijaza nafasi zote nne mzigo unaizidi prosesa: mtengenezaji wa prosesa mwenyewe anaahidi kasi ya 2933 tu kwa RAM za safu moja ya chipu, na 2667 kwa zile za safu mbili. Nikaingia BIOS, nikashusha kasi hadi 2666, nikahifadhi. Dakika mbili, bila senti. Haijaganda tena mpaka leo, na nimeshafanyia harusi nyingi tangu wakati ule. Na lile faili sasa najua lilivyokufa, maana RAM inayokosea huandika makosa yake kwenye diski kana kwamba ni kazi yako halali. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote, kazi zako nakili kwenye diski ya nje ukitumia kompyuta nyingine, isiwe hiyo inayoumwa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeganda usiku huu, nakuomba badili kitu kimoja, halafu subiri. Kimoja tu. Andika kwenye daftari tarehe, ulichobadili, na ilikuwa inafanya nini ilipoganda. Usibadili cha pili mpaka cha kwanza kimekupa jibu. Jiulize shida ilianza lini na wiki ile uligusa nini. Kama uliongeza kitu, kitoe. Kama uliwasha XMP, izime. Hivyo vyote ni bure, na vya bure ndivyo vya kuanza navyo. Fundi anayetaja kifaa cha kununua kabla hajapima anabahatisha na hela yako, hata awe mtu mwema kiasi gani, na wale wangu walikuwa watu wema. Sisi tuliojiundia mashine wenyewe hatuna risiti moja ya kurudi nayo dukani. Uvumilivu wa kupima ndio dhamana yetu, na mimi niliukosa miezi mitatu.

Yule dada wa Mwanza nilimuuliza ana RAM ngapi. Nne: mbili za Machi, mbili za Julai. Kuganda kulianza lini? Julai. Sijamwambia kitu zaidi, sitaki naye abahatishe kwa maneno yangu. Nimemwelekeza kuandaa flashi, na leo usiku anaiacha MemTest86 ikimbie. Hela ya ada bado anayo. Asubuhi atanitumia picha ya kioo.