Re: Mnapopigika kabisa huwa mnamwangalia shujaa gani?

Mkuu pole sana na hilo la duka kufungwa, umeuliza nani anatupa moyo na kama hata wa hadithini wanahesabika, kwangu wanahesabika. Mi niko Kigoma, mwaka juzi mzigo wangu wa dagaa ulinyeshewa ukaoza wote, mtaji kwisha, nikawa nashuka ziwani jioni kukaa tu maana nyumbani kila mtu ananiangalia mimi.

Usicheke, shujaa wangu wa kwanza ni meli. Liemba. Wajerumani waliokuwa nayo kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia waliizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, ila kabla ya hapo mafundi wakazipaka mashine grisi, yani wanaizamisha huku wanaitunza! Ikakaa chini ya maji miaka kibao, mwisho Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kubeba watu na mizigo Ziwa Tanganyika. Hiyo grisi ndo ilinifikirisha, nikaamua nisiuze mizani na matenga yangu japo njaa ilikuwa inauma.

Wa pili John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu, huyu unamjua, Olimpiki ya Mexico 1968, kaanguka kaumia goti na bado kaimaliza marathoni, mshindi kashafika zaidi ya saa nzima.

Wa hadithini ni sungura wa bibi. Ni tapeli sijakataa, ila mdogo vile kati ya fisi na simba na kila siku anapata pa kutokea. We ulibakiza nini dukani, mizani na shelfu bado unazo?