Maswali na majibu: kengele ikilia kwenye programu ya nyuzi nyingi

Maswali ya mara hii karibu yote yamekuja na kilio kimoja. Mtu ana programu yenye nyuzi nyingi, au thredi kama tunavyozoea kusema, yaani kazi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja ndani ya programu moja, kifaa cha kukagua kimepiga kelele, naye hajui ashtuke au ageukie upande wa pili alale.

Fundi shikamoo. Nimeandika programu ya stoo kwa Go. Nilipoijaribu kwa -race, kifaa cha Go cha kukagua nyuzi, ikanitolea onyo la mgongano wa data, lakini programu hiyohiyo imetumika dukani miezi saba na hakuna aliyelalamika. Si kengele ya uongo hiyo? (Kijana wa Chumbageni)

Marahaba. Miezi saba bila malalamiko inaonyesha subira ya mwenye duka, haionyeshi zaidi ya hapo.

Twende Ngamiani, hapa Tanga, duka la jumla, ndugu wawili wanauza na daftari la sukari ni moja. Ukurasa unasema mifuko 40. Mkubwa anachungulia, anaona 40, anaingia stoo kutoa mfuko. Hajarudi, mdogo naye anachungulia, anaona 40, anampa mteja wake mfuko. Mkubwa anaandika 39. Mdogo naye anaandika 39. Mifuko miwili imetoka, daftari limepungua mmoja. Jioni wanaangaliana kwa jicho baya, na hakuna aliyeiba.

Mstari wako wa `idadi--` ndani yake ni hivyohivyo: soma, punguza, andika. Siku nyingi ndugu hawa hawakutani kwenye daftari, ndiyo maana miezi saba imepita salama. Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu kama milioni 50 gizani. Chanzo kimojawapo ni kwamba programu ya kengele kwenye chumba cha kuongozea umeme huko Ohio ilikuwa imeganda kwa kasoro ya jamii hii, wasimamizi wakakaa zaidi ya saa nzima wakidhani mambo shwari. Waliotengeneza programu ile walisema ilikuwa imeshafanya kazi zaidi ya saa milioni 3 bila kasoro hiyo kujitokeza.

Mgongano wa data ni pale nyuzi mbili zinapogusa sehemu moja ya kumbukumbu, angalau moja ikiwa inaandika, na hakuna kinachoilazimisha moja itangulie nyingine. Huko "kutangulia" si kwa saa ya ukutani. Leslie Lamport alilieleza wazo hilo mwaka 1978: tukio linatangulia jingine kama kuna mnyororo unaoyaunganisha, mfano ujumbe uliotumwa ukapokewa, au kufuli alilofungua huyu ndipo yule akalifunga. Kifaa cha Go hufuata mnyororo huo. Kikisema kimeona, kimeona kweli, katika mzunguko uleule ulioendesha. Weka `sync.Mutex`, ndilo kufuli la Go, kuzunguka hesabu, au tumia atomiki, yaani hesabu inayofanyika kwa pigo moja bila kukatizwa katikati.

Nimeufanya uzi mmoja ulale milisekunde 100 ili mwenzake amalize kuandika. Majibu yanatoka sahihi kila mara, ila onyo haliondoki. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Raskazone)

Halitaondoka. Kulala si kukubaliana. Siku seva ikizidiwa, milisekunde 100 zitakuwa chache. Tumia chaneli, inayopeleka ujumbe toka uzi mmoja kwenda mwingine, au `WaitGroup`, inayosubiri mpaka mwenzako amalize kweli.

Kaka, mimi natumia C++. Kigeu chenyewe ni cha takwimu tu, idadi ya walioingia. Nikipoteza wawili watatu, nani atajua? Si mgongano usio na madhara? (Fundi mwenzako, Makorora)

Hapa ndipo mafundi wazima wanapoanguka, nami nimo. Swali lako lina mawili ndani yake. Je, onyo ni la uongo? Hapana, mgongano upo. Je, hauna madhara? Unapima kwa macho ya ile programu uliyoiandika, lakini kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wako uwe lugha ya mashine, nayo ina maoni yake. Tangu kanuni ya C++ ya mwaka 2011, programu yenye mgongano wa data haina maana iliyohakikishwa, na kompaila inaruhusiwa kuamini kwamba hujafanya hivyo.

Jaribu hili nyumbani. Andika `while (!tayari) {}` kwenye uzi mmoja, uzi mwingine uweke `tayari = true`, kigeu kiwe cha kawaida. Kompaili bila kuboresha: inakwenda. Kompaili kwa `-O2`, yaani kwa kuboresha: kuna uwezekano mkubwa ukae unaitazama mpaka chai ipoe. Kompaila imeona hakuna kitu ndani ya mzunguko kinachobadilisha `tayari`, ikakisoma mara moja tu na kuendelea na jibu hilo milele. Mwaka 2011 Hans Boehm aliandika makala nzima kuonyesha jinsi migongano inayoitwa isiyo na madhara inavyoweza kuharibiwa na kompaila.

Na usikimbilie `volatile`. Kwenye Java, tangu toleo la 5 la mwaka 2004, neno hilo linaleta mpangilio kati ya nyuzi. Kwenye C++ halifanyi kazi hiyo, ni jina moja kwa watu wawili. Kwa kihesabio chako tumia `std::atomic` na `memory_order_relaxed`. Gharama yake ni ndogo, na anayesoma baada yako ataelewa kwamba ulikusudia.

Basi kengele ya uongo haipo kabisa? ThreadSanitizer, kifaa cha kukagua nyuzi, imenipa kurasa na kurasa, nyingi zinatoka kwenye maktaba ambayo sikuiandika. (Dada wa Pangani)

Ipo, dada, na maktaba ndiyo nyumbani kwake. ThreadSanitizer huona kile tu kilichokompailiwa kwa `-fsanitize=thread`. Maktaba ikija imeshakompailiwa kivyake na ndani yake ina foleni ya atomiki, kifaa hakioni makabidhiano, kinaona mikono miwili kwenye sahani moja. Vivyo hivyo ukipanga nyuzi kwa `atomic_thread_fence`, ambayo hakiielewi. Helgrind, kifaa kingine cha ukaguzi, nayo inazijua kufuli za kawaida za mfumo (POSIX), ila makabidhiano uliyojitengenezea kwa atomiki hayaoni. Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi: Eraser, kifaa cha mwaka 1997, ilitaka kila kigeu kinachotumiwa na nyuzi zaidi ya moja na kuandikwa kilindwe na kufuli lilelile, kwa hiyo hata data iliyoandaliwa na uzi mmoja kisha ikakabidhiwa kwa mwingine aiandike, kwa adabu zote, ilishtakiwa.

Mimi huuliza hivi: unaweza kuninyooshea kidole kwenye mnyororo? Huyu aliandika hapa, akafungua kufuli hili, yule akalifunga hilohilo, akasoma pale. Ukiutaja wote na kifaa hakikuuona kwa sababu unayoijua, kengele ni ya uongo. Ukianza kusema "kwa kawaida huyu humaliza kwanza", rudi kwenye msimbo.

Tazama pia namba za kufuli kwenye ripoti. Mara nyingi utakuta huyu ameshika M9 na yule M12. Kila mtu kafunga, lakini kila mtu kafunga mlango wake.

Maktaba ukiweza ikompaili upya. Ukishindwa, andika mstari wa kunyamazisha, uwe mwembamba, kwa jina la funksheni moja. Niliwahi kunyamazisha maktaba nzima ili niwahi kukabidhi kazi. Kosa langu mwenyewe lilikuwa linapitia kwenye funksheni za maktaba hiyo, likanyamazishwa pamoja nayo. Nililipata wiki kadhaa baadaye, usiku, mteja akiwa kwenye simu.

Kifaa kinaifanya laptop yangu itambae. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Kwa Go, hesabu ya kumbukumbu mara 5 hadi 10 na muda mara 2 hadi 20. Kiendeshe kwenye majaribio, usikipeleke kwa mteja.

Tunauza tiketi za mabasi ya Kange. Kila kusoma na kuandika tumefungia kwa kufuli, kifaa kimya, lakini juzi kiti namba 14 cha Dar kimeuzwa kwa watu wawili. Kifaa kibovu? (Mafundi wawili, Tanga mjini)

Kifaa kizima. Kwanza, kinaona tu njia zilizopitiwa siku hiyo, kwa hiyo ukimya wake usiuamini sana. Ila hapa hata kingepita hapohapo kisingesema kitu, maana mgongano wa data haupo. Mnafunga kufuli, mnauliza "14 kiko wazi?", mnafungua. Mnafunga tena, mnauza, mnafungua. Katikati ya kufunguliwa na kufungwa tena, mwingine ameuliza na kujibiwa vilevile.

Kuuliza na kuuza viwe ndani ya kufuli moja. Na kama mna seva mbili, hata hilo halitoshi, kwa sababu kufuli la seva hii halijulikani kule. Wekeni sharti la upekee kwenye jedwali la tiketi, yaani basi, tarehe na namba ya kiti visijirudie pamoja, hifadhidata imkatae wa pili.

Na huyo wa pili, kama bado yuko stendi, mrudishieni nauli yake kwanza.