Maswali na majibu: fedha za roboti na programu maktabani

Barua zilizotufikia kutoka Mwanza na visiwa vya Ukerewe zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: maktaba ya umma itapata wapi fedha za kuwafundisha watoto kuandika programu na kuunda roboti, na fedha zikipatikana zitumikeje? Tumechagua saba.

Sisi ni vijana sita tunaojua kuandika programu. Tunataka kufundisha watoto maktabani kila Jumamosi. Tuombe fedha wapi, na barua aandike nani?
*Kikundi cha kujitolea, Ilemela*

Barua iandikwe na maktaba, si kikundi. Nyinyi muwe wawezeshaji wanaotajwa ndani ya andiko la mradi. Vifaa vilivyonunuliwa kwa jina la kikundi huondoka siku kikundi kinapovunjika, na mfadhili makini analijua hilo kabla hamjamaliza kujieleza.

Maktaba ya Mkoa wa Mwanza iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa hiyo muoneni mkutubi wa mkoa kwanza, lakini mjue kwamba makubaliano na mfadhili yatapita Bodi. Msiridhike na ruhusa ya mdomo. Kwa maktaba ya wilaya, ulizeni jengo ni la nani. Kama ni la halmashauri, nakala ya barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji, maana bila yeye hata soketi mpya haifungwi ukutani.

Andiko lisizidi kurasa tatu. Liseme watoto wangapi, wa umri gani, siku na saa gani, watafundishwa nini, nani atafundisha, vifaa vitalala wapi, na nani atalipia mwaka wa pili. Andiko lisilogusa mwaka wa pili lina tundu ambalo mfadhili mzoefu analiona mara moja. Ambatisheni hati za bei, yaani profoma, kutoka maduka matatu.

Mahali pa kuomba ni pengi kuliko watu wanavyodhani. Bajeti ya halmashauri ndiyo ngumu kuingia na ndiyo ya kudumu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mapendekezo hupikwa miezi mingi kabla, na ukija Mei umekuta sahani zimeoshwa. Pelekeni andiko kati ya Oktoba na Desemba, na diwani wa kata ilipo maktaba awe amelisoma kabla ya kikao, asilisikie hapo kwa mara ya kwanza. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, unafaa zaidi kwa vitu vya mara moja kama meza, nyaya na kabati.

Mlango unaosahaulika sana ni wa migodi. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Kwa halmashauri zenye migodi, kama Geita au Sengerema, maktaba inaweza kuingia kwenye mpango huo, mradi jina lake limependekezwa na halmashauri yenyewe. Ombi lililopelekwa mgodini moja kwa moja kwa kawaida hurudishwa kwa halmashauri.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka vifaa vya TEHAMA katika shule za umma. Maktaba iliyoungana na shule mbili tatu za jirani ina hoja nzuri zaidi hapo kuliko iliyokwenda peke yake. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hufadhili utafiti na ubunifu, hivyo somo la watoto peke yake halitoshi kuwa hoja kwao.

Je, zile asilimia 10 za halmashauri haziwezi kutusaidia?
*Msomaji, Igoma*

Haziwezi. Ile ni mikopo isiyo na riba kutoka mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake (asilimia 4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2), na mkopo hurejeshwa. Darasa la bure la watoto halizalishi marejesho. Kikundi cha vijana kinachotengeneza na kuuza vifaa vya kufundishia kinaweza kukopa kwa biashara yake, lakini msiibebeshe maktaba deni hilo.

Nimesoma kwamba Marekani maktaba hupewa fedha za kufundisha watoto kuandika programu. Tunaweza kuomba hizo?
*Mwalimu, Magu*

Nyingi ni za maktaba za Marekani pekee. Huko sheria ya 1996 inapeleka fedha za serikali kuu kwa kila jimbo kwa ajili ya huduma na teknolojia za maktaba. Juu yake kuna ruzuku za makampuni: mwaka 2017 Chama cha Maktaba cha Marekani kilitenga dola 500,000 zilizotolewa na Google kwa maktaba 28 ili zibuni mafunzo ya kuandika programu kwa watoto. Gawanya, utaona kila maktaba ilipata wastani usiofika dola 18,000. Fedha zile zililenga mafunzo yenyewe na watu wa kuyaendesha, na hapo ndipo pa kuiga.

Shirika ambalo limefanya kazi na maktaba za umma za Afrika, zikiwemo za Kenya na Uganda, ni EIFL. Fuatilia matangazo yake, ila usiuweke mradi rehani ukisubiri tangazo.

Tumeahidiwa shilingi 12,000,000. Wenzangu wanataka zote zinunue roboti. Mimi nina wasiwasi. Mnasemaje?
*Mkutubi, Nyamagana*

Wasiwasi wako una msingi, na tunaomba usikubali kushindwa kwenye kikao hicho. Roboti zisizo na mwalimu hukaa kabatini mpaka betri zivuje. Laptopu na roboti zisizidi nusu ya fedha. Kwa watoto 20 na Jumamosi 40 kwa mwaka, tungegawa hivi (bei ni makisio ya kupangia, zihakikishwe kwa profoma):

Laptopu 10 zilizotumika, 400,000 kila moja: 4,000,000.
Seti 8 za roboti, 250,000 kila moja: 2,000,000.
Wawezeshaji 2, kila mmoja 35,000 kwa Jumamosi pamoja na nauli: 2,800,000.
Mafunzo ya wakutubi wawili: 600,000.
Vipuri na betri: 500,000.
Umeme na nyaya: 500,000.
Intaneti, 40,000 kwa mwezi: 480,000.
Kabati la chuma na makufuli: 450,000.
Akiba: 670,000.

Tumesema laptopu, si kompyuta za mezani, kwa sababu ya umeme. Ukikatika, kompyuta za mezani zinazimika zote na somo limekwisha. Laptopu yenye betri nzima inamaliza kipindi. Lakini laptopu zilizotumika mara nyingi zina betri iliyokufa, na muuzaji atakuonyesha ikiwaka ikiwa imechomekwa. Chomoa, cheza video, kaa nayo saa nzima dukani. Ikizima kabla ya dakika 60, ama bei ishuke kwa thamani ya betri mpya, ama uiache. Kwenye hati ya manunuzi andikeni sharti hilo waziwazi, pamoja na kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache na nafasi mbili za USB zinazofanya kazi. Bila sharti la maandishi, aliyetoa bei ya chini atashinda na vitu vibovu.

Usinunue roboti miezi miwili ya mwanzo. Jumamosi nane za mwanzo ziwe za Scratch tupu, lugha ya watoto ya kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini, watoto wawili kwa kompyuta moja: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kuelekeza, wanabadilishana kila dakika kumi. Scratch ina programu inayosakinishwa na kufanya kazi bila intaneti, na inaweza kuwekwa katika Kiswahili. Ipakue mara moja, iweke kwenye flashi, uisambaze kwa mashine zote. Kwa njia hii bando linabaki kwa kazi inayolihitaji kweli. Mtoto aliyeelewa kurudia amri na kuweka sharti kwenye skrini ataielewa roboti kwa siku moja. Aliyerukishwa hatua hiyo atabaki kubonyeza vitufe.

Roboti zikifika, gawa watoto makundi manane, manne ya watatu na manne ya wawili. Laptopu mbili zinabaki akiba, na usizione kuwa zimekaa bure: kila wiki kuna moja itakayogoma.

Mpangie mwezeshaji malipo hata kama leo anasema atajitolea. Anayejitolea hupata ajira Shinyanga au mtihani chuoni SAUT, na watoto 20 wanafika Jumamosi wanakuta mlango umefungwa. Malipo madogo ya uhakika ndiyo yatakayokuwezesha kumpata mwingine.

Mfadhili wa nje anataka kututumia seti 15 za roboti. Hana fedha za uendeshaji. Tupokee?
*Maktaba ya wilaya, Sengerema*

Mpokee baada ya kumuuliza mambo manne kwa maandishi. Ni toleo gani hasa, na programu yake inafanya kazi bila intaneti na bila kulipia leseni kila mwaka? Vipuri vyake vinauzwa Tanzania? Betri ni za kawaida au za umbo la kampuni yake tu? Nani atalipa gharama za forodha na usafiri hadi Sengerema?

Swali la mwisho limewafunga wengi. Msafirishaji akiandika kwenye hati kuwa ni vitu vya kuchezea, mzigo unaweza kuingia kundi jingine la ushuru kuliko vifaa vya kompyuta na kufundishia. Ongeeni na TRA kabla mzigo haujaondoka, mkiwa na orodha kamili na barua ya msaada. Mzigo ukishafika, tozo za kuhifadhiwa huongezeka kila siku wakati barua zinazunguka. Kama atakubali kubadili mawazo, mwombeni seti 8 badala ya 15 na thamani ya zile 7 aitoe kama fedha. Fedha ziingie kwenye akaunti rasmi kwa kumbukumbu namba ya malipo, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Magari yetu ya roboti yanawaka vizuri, yakianza kutembea yanazima na kuwaka upya. Mengine kompyuta haiyaoni kabisa. Fundi yuko Mwanza mjini, sisi tuko Nansio.
*Msomaji, Ukerewe*

Kutokana na maelezo mengine ya barua yako, mna ubao wa aina ya Arduino Uno (ndio ubongo wa gari), kiendesha mota cha L298N, mota mbili za njano na betri ya mraba ya volti 9. Kosa liko kwenye betri. Ile ya mraba imetengenezwa kwa kifaa kinachokula umeme kidogo. Mota mbili zinapoanza kuzunguka zinavuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zinaanguka, na ubao unajizima. Betri mpya itafanya vizuri dakika chache kisha itarudia yale yale, na mtaendelea kutupa fedha.

Tumieni betri sita za AA za kuchajiwa. Kila moja ni volti 1.2, jumla 7.2. L298N yenyewe inapoteza takriban volti 2, kwa hiyo mota zinabaki na kama 5, ndani ya kiwango chake cha 3 hadi 6. Mkitumia betri nne tu, mota zinapata chini ya 3 na huenda gari lisisogee. Mkinunua viendesha mota vipya, chukueni DRV8833 au TB6612FNG, ambavyo vinapoteza kidogo sana; hapo betri nne zinatosha kwa mota. Waya hasi wa betri ya mota lazima uungane na GND (pini hasi) ya ubao, la sivyo mota zinaweza kutotii au kuruka ovyo. Kama gari lina mota ya servo, ile inayogeuka kwa pembe unayoiamuru, isile umeme kutoka pini ya 5V ya ubao.

Ubao usioonekana: badilisha waya wa USB kabla ya jambo lolote. Nyaya nyingi za simu zinachaji tu, hazina nyuzi za data. Waya ukiwa mzima na bado kimya, tazama kichipu karibu na tundu la USB. Kikiandikwa CH340, kompyuta inahitaji draiva yake, yaani programu ndogo ya kuutambua ubao, nayo iwekwe kwenye flashi ya maktaba kwa sababu intaneti inaweza kukosekana siku ile ile.

Kwa kuwa kipuri kinasubiri meli, kwa magari manane wekeni akiba ya nyaya za USB 4, mota 6, viendesha mota 2, pakiti 2 za nyaya za kuunganishia, resista 100 za omu 220, taa za LED 50 na betri 16 za ziada. Wadudu wa ziwani hufuata taa jioni na kuingia kwenye feni za laptopu, hivyo fundisheni asubuhi na mfunike mashine usiku.

Mfadhili anataka ripoti kila robo mwaka na picha za watoto. Tuandike nini?
*Mkutubi msaidizi, Misungwi*

Idadi ya waliojiandikisha haina uzito. Andikeni waliohudhuria wiki ya kwanza na ambao bado wapo wiki ya kumi, wasichana wakihesabiwa peke yao, pamoja na kazi ambayo kila kundi limeimaliza bila kushikwa mkono. Semeni pia kilichoharibika na gharama ya kukitengeneza, kwani hiyo ndiyo hoja ya kuombea fungu la vipuri mwakani. Wasichana wakipungua, angalieni saa kwanza: kipindi kinachoisha saa 12 jioni kinawaondoa kabla ya somo lenyewe kuwashinda.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika. Siku ya kumwandikisha mtoto, mzazi asaini fomu yenye sehemu mbili tofauti: moja ya kumruhusu mtoto kusoma, nyingine ya kuruhusu picha. Mzazi akikataa ya pili, mtoto asome kama wenzake. Pigeni picha za mikono na roboti kutoka nyuma ya mabega, na majina ya watoto yasiandikwe chini ya picha.