Maswali ya Wasomaji: Watoto Watatu na Katamarani Iliyotumika

SWALI: Mheshimiwa mjibu, assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, nina mke na watoto watatu wa miaka minne, minane na kumi na mmoja. Nimekulia katika mashua ya marehemu baba yangu, kwa hiyo tanga na upepo si vitu vigeni kwangu, lakini katamarani, yaani chombo cha miili miwili iliyounganishwa, sijapata kuimiliki. Nataka kununua iliyotumika ili wakati wa likizo za skuli niwe natembea na familia yangu Misali, Fundo na, hali ikiruhusu, Unguja. Nimeonyeshwa vyombo viwili. Cha kwanza ni cha faiba, urefu wake mita 11 na nusu, kilikuwa kikikodishwa kwa watalii kwa miaka mingi, na kina vyumba vinne, injini mbili na jokofu. Cha pili ni cha mita 9, cha plaiwudi, ambacho boriti zinazounganisha miili yake zimefungwa kwa kamba, na bei yake haifiki nusu ya bei ya kile cha kwanza. Mke wangu anataka chenye vyumba. Mjomba wangu, ambaye ni nahodha, anasema vyote viwili ni mabanda yanayoelea. Nichague kipi, na nitazame nini kabla ya kutoa fedha?
Baba wa watatu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, Baba wa watatu. Nianze na mjomba wako, kwa sababu hakukosea kabisa. Kinachomuudhi, nadhani, si vyumba bali ni ukimya wa katamarani. Mashua uliyokulia humo husema: upepo ukizidi inalala, maji yanalamba ubao wa juu, watu wanahamia upande wa joshi, upepo unakotoka, bila ya kuambiwa, na nahodha anapunguza tanga kwa sababu mwili wake mwenyewe umeshampa habari. Katamarani ya mita 11 na nusu huwa na upana wa zaidi ya mita 6, na kwa upana huo husimama wima kama baraza. Chungu cha wali kinatulia jikoni na watoto wanacheza bao huku mzigo juu ya tanga ukiongezeka. Mzigo huo haupandi sambamba na mwendo wa upepo, bali hupanda kwa mraba wake, kwa hiyo upepo ukitoka noti 15 (yaani maili 15 za baharini kwa saa) ukafika noti 21, jambo la kawaida kabisa mchana wa kusi, tanga linabeba karibu mara mbili na nyinyi mliomo ndani hamjahisi tofauti kubwa. Katika ngalawa, mrengu wa joshi ukiinuka mtu hutambaa akaukalia na mambo yakawa sawa. Katika chombo cha tani saba, mwili mmoja ukianza kuinuka majini muda wa kufanya lolote ni mfupi mno, na kikishapinduka hakijigeuzi tena.

Sisemi haya ili kumtisha mkeo. Nasema kwa sababu jambo la kwanza la kukagua linatokana na hapo: katika chombo cha namna hii tanga hupunguzwa kwa kusoma kipima upepo, si kwa kuusikiliza mwili, na kwa hiyo kipima upepo lazima kiwe kinafanya kazi, na kamba za kupunguzia tanga kuu lazima ziweze kuvutwa na mtu mmoja bila ya kupanda juu. Mwombe muuzaji mtoke baharini, kisha ulipunguze tanga peke yako, yeye akiwa ameketi na mikono yake mapajani, maana ndivyo itakavyokuwa siku ambayo mkeo amempakata mdogo anayetapika na yule wa kati naye anataka maji ya kunywa. Ukishindwa kulimaliza kwa dakika chache, ama kamba zipangwe upya kabla ya safari ya kwanza, ama bei ishuke kwa gharama ya kuzipanga.

Jambo la pili ni uzito, na hapa wauzaji wengi huwa hawasemi kweli bila ya wenyewe kujua. Miili ya katamarani ni myembamba, kwa hiyo kila kinachopakiwa huishusha upesi kuliko mashua yenye tumbo pana. Chombo kilichokodishwa kwa watalii huwa kimeongezewa jenereta, jokofu la pili, mitungi ya kuzamia na betri juu ya betri, na hakuna aliyepata kukiuliza kama kinaweza. Tazama mstari wa rangi ya chini: ukiwa umezama majini hali chombo hakina abiria, umeshapata jibu. Kisha chukua futikamba, ingia katika kidau, upime nafasi iliyopo kati ya uso wa maji na sakafu inayounganisha miili miwili, matangi yakiwa yamejaa, kwani lita 400 za maji ni kilo 400 na muuzaji mjanja hukuonyesha chombo kikiwa kikavu. Kwa urefu wa mita 11 na nusu mimi huona sentimita 60 kuwa ni kima cha chini kabisa. Sakafu ikiwa chini ya hapo mawimbi huipiga kutoka chini kwa mshindo wa mlango uliobamizwa, usiku kucha, na watoto hawalali. Wewe wa Pemba utaujua mshindo huo mapema kuliko mtu wa Fumba, kwa sababu mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kaskazi ikivuma kinyume chake mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama.

La tatu ndilo linalomaliza fedha za watu, nalo ni maungio. Miili miwili inayopanda mawimbi kwa nyakati tofauti hutaka kujisokota kila mmoja upande wake, na kinachoizuia ni viambaza vya ndani pamoja na boriti ya mbele inayoshikilia waya wa mlingoti. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na jamaa yangu kwenda kutazama katamarani iliyong'arishwa ikawa kama sahani ya arusi. Yeye alipendezwa na jiko; mimi nilijaribu kufunga mlango wa choo, uliokuwa karibu na mlingoti, ukakataa. Nilipopapasa ubao wake wa juu nikakuta umepigwa randa karibuni, mbao nyeupe isiyopakwa kitu. Muuzaji akasema umevimba kwa unyevu. Tukainua vibao vya sakafu, na pale kiambaza kinapokutana na ubavu wa chombo palikuwa na ufa mwembamba, lakini ukucha wa kidole gumba uliingia wote. Mlango haukuvimba, fremu yake ndiyo iliyokuwa imehama. Jamaa yangu alinunua hata hivyo, kwa sababu alipunguziwa bei, na chombo kikakaa juu ya magogo misimu miwili. Kwa hiyo wewe fungua na funga kila mlango na kila kabati, kisha gonga kuta na sitaha kwa kitako cha bisibisi ukisikiliza. Penye afya hujibu kwa mlio mkavu. Panapojibu kwa sauti iliyokufa tabaka za faiba zimeachana, au mbao nyepesi iliyo katikati imekunywa maji, na mara nyingi hilo huanzia pembezoni mwa vyuma vilivyofungwa kwa skrubu.

Kwa ukaguzi wa chini tuna bahati ambayo wanunuzi wa bahari ya Mediterania hawana, kwani kule maji hayapandi wala kushuka kwa kima cha kutajika. Kwetu, siku za bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Hakikisha kwanza kwamba aina hiyo imeundwa kukalia mikuku yake mifupi, kisha mkipandishe juu ya mchanga safi kwa maji ya alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi mtakuwa mnakizunguka kwa miguu bila ya kulipa chelezo. Tazama ufa pale mkuku unapoungana na mwili, tikisa kila usukani uone kama unachezacheza, na uliza tarehe ya mpira unaozuia maji kuingia pale mguu wa injini unapopita chini ya chombo. Volvo Penta, waunda injini za vyombo, kwa mfano, huelekeza mpira huo ubadilishwe kila miaka 7, na ukipasuka maji huingia kwa wingi. Hapo mwalike mjomba. Chombo kikiwa kimekaa mchangani jicho la nahodha mzee huona mambo ambayo mkaguzi wa kulipwa huyapita, ingawa kwa chombo cha bei hiyo mkaguzi wa kulipwa naye ni wa lazima.

Baada ya hayo piga magoti, macho yako yawe katika kimo cha mwanao wa miaka minne, na uzunguke sitaha nzima hivyo hivyo, hata kama muuzaji atacheka. Utauona wavu wa mbele, ambao watoto wataufanya kitanda chao: jua huula uzi wake taratibu, kwa hiyo ukwaruze kwa ukucha, na ukitoa unga, wavu wote ubadilishwe. Matundu yake yasipitishe mguu wa mdogo, wala pasiwepo mwanya kati ya wavu na boriti. Utaziona waya za pembeni, ambazo kwa kawaida husimama kiasi cha sentimita 60 kutoka sitahani na chini yake pako wazi kabisa. Mtoto hapiti juu, hupita chini, na dawa yake ni kufunga wavu wa kamba kuanzia waya hadi sitahani pande zote. Utaziona ngazi za nyuma, zinazoshuka mpaka majini na ambazo kila mnunuzi huzipenda. Mimi ndizo ninazoziogopa kuliko kitu chochote katika chombo hiki, kwa sababu ziko chini, huteleza, na mapanga ya injini hayako mbali nazo. Ziwekewe kizuizi cha kufungika, na funguo za injini ziwe mfukoni mwako kabla mtoto hajashuka kuogelea. Katika vyombo vingi vya namna hii pia pana kidirisha cha dharura chini katika ubavu wa ndani, cha kutokea chombo kikipinduka. Mpini wake uko sawasawa na mikono ya watoto, na ukifunguliwa safarini maji huingia, kwa hiyo uwekewe kifuniko ambacho mtu mzima atakivunja kwa urahisi.

Sasa nichague. Kile cha plaiwudi, kwa maelezo yako, ni cha mtindo wa James Wharram, Mwingereza aliyevuka Atlantiki katika miaka ya 1950 kwa katamarani aliyoiunda mwenyewe, na mimi nakipenda kwa moyo wangu. Kufunga boriti kwa kamba si umasikini; kamba huachia kidogo pale ambapo bolti ingepasua mbao, na mafundi wetu wa ngalawa hawahitaji kuelezwa hilo. Mbao zikioza, fundi wa Wete au Nungwi atazikata na kuzibandika upya, wakati faiba iliyoharibika ndani humtaka fundi wa aina nyingine na mfuko wa aina nyingine. Hata hivyo sikushauri ukinunue mwaka huu. Katika chombo cha mita 9 cha mtindo huo vyumba vya kulala vimo ndani ya miili miwili iliyotengana, na njia ya kutoka huku kwenda kule hupita juu ya sitaha iliyo wazi. Mtoto wa miaka minne akiamka usiku akamtaka mama yake, atatoka nje peke yake, gizani, akiwa na usingizi. Kwa sababu hiyo moja nakuelekeza kwenye kile cha faiba, ambacho vyumba vyote hukutana ndani, kwa sharti kwamba kipite majaribio ya milango, ya futikamba na ya mchangani. Kisipopita, usikigeukie cha plaiwudi kwa hasira. Subiri mpaka mdogo afike miaka saba, ukitafute wakati huo.

Kuhusu fedha, usimpe muuzaji zote ulizonazo. Waya za mlingoti zikishafika miaka 10 zihesabu kuwa za kubadilishwa hata kama zinang'aa, na matanga ya chombo cha kukodishwa huwa yamechoka. Chombo kikiwa kimeandikishwa nchi nyingine, dai hati ya kufutwa katika daftari la huko kabla ya kwenda Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na dai pia stakabadhi za ushuru wa forodha, kwa sababu deni hufuata chombo, halimfuati muuzaji.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa na anaogelea vizuri kuliko mimi. Je, katika katamarani isiyolala naye anahitaji kuvaa koti la kuokolea?
Mama wa Mtoni, Unguja

JIBU: Anahitaji, dada yangu, kila anapokuwa nje ya chumba na chombo kikiwa katika mwendo. Chombo kinachokwenda noti 7 hupita zaidi ya mita 200 kwa dakika moja, na kukigeuza huchukua muda. Ustadi wake wa kuogelea utamsaidia kungoja, hautamsaidia kukikimbilia. Tafuta koti lenye kola na lililoandikwa newtoni 100 (kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu) au zaidi, kwa kuwa yale ya 50 hayakuundwa kumgeuza mtu uso juu, na lisiwe la mtu mzima lililokazwa kwa mikanda. Mjaribishe ufukweni, maji yakimfika kifuani: mwambie alegeze mwili na ainue mikono yote miwili. Koti likimpanda hadi masikioni, ama mkanda unaopita kati ya miguu haujakazwa, ama koti si la kimo chake.