Kabla hujamwazima mtu kitabu unachokipenda

Kibanda changu cha kutengeneza baiskeli kiko Ngamiani, na anayeijua Tanga anajua kuwa hapa fundi baiskeli halali njaa. Mji wenyewe tambarare, baiskeli tele, miiba nayo haijawahi kuadimika. Mteja akileta pancha hukaa kwenye benchi angoje: nivue tairi, nitoe mpira, niujaze upepo, niuzamishe kwenye karai la maji nione mapovu yanatokea wapi, niukaushe, nipige msasa, nipake gundi, niiache ishike kidogo, ndipo nibandike kiraka. Mwenye haraka huona mwaka mzima umepita. Kwa hiyo chini ya benchi kuna sanduku la mbao, zamani lilikuwa la spana, sasa ni la vitabu.

Ni zaidi ya miaka kumi sasa naazimisha watu vitabu kutoka kwenye sanduku hilo. Kwanza nilikuwa naharibu tu. Wewe uliyesoma kitabu kikakugeuza, na sasa unawashwa kumpa kila unayekutana naye, haya ninayosema ni yako.

Lakini kwanza nieleze mimi nilivyopatikana. Nilifeli kidato cha nne, mzee akanipeleka kwa fundi. Wenzangu waliofaulu walikuwa wakipita na sare zao, nami nainamia gurudumu nisionwe uso. Siku moja ya mvua, kazi hakuna, nikaingia maktaba ya mkoa. Sikufuata elimu, nilifuata paa. Nikavuta kitabu kilichokuwa karibu na mkono: *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, cha Shaaban Robert.

Jina nilikuwa nalijua. Mtu kazaliwa Vibambani mwaka 1909, kazikwa Machui, hapo tu ukishika njia ya Pangani. Mtoto gani wa Tanga hajalisikia? Ila kichwani mwangu alikuwa mtu wa joho na vyeo. Kumbe karani! Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaingia kazi ya forodha, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, leo ofisi hii, kesho ile. Humo mna Utenzi wa Hati aliomuusia bintiye na Utenzi wa Adili aliomuusia mwanawe, na watu wengi hukisifu kitabu kwa mausia hayo. Mimi, kusema kweli, mausia niliyapita mbio; ya nyumbani yalikuwa yananitosha. Kilichonishika ni yule karani. Mtu ameamrishwa kutwa nzima, jioni anarudi, anakaa chini, anaandika. Nikajiuliza: na mimi saa kumi na mbili nikishanawa grisi, siku yangu si bado ipo? Tangu hapo jioni zangu ni za kusoma. Baiskeli natengeneza vilevile, lakini uso sifichi tena.

Sasa makosa. La kwanza nilimfanyia mtoto wa dada yangu, akiwa kidato cha pili. Nikamnunulia *Kusadikika*. Kabla hata hajakifungua nikamkalisha, nikamweleza ukoloni, nikamweleza sheria, nikamweleza haki, nikamweleza kwa nini kitabu kilichotoka mwaka 1951 kinamhusu yeye, mpaka kitabu chote nikawa nimekimaliza kwa mdomo. Akasema, "Ahsante, mjomba." Wiki tatu baadaye nimekwenda kumsalimu dada, nakuta *Kusadikika* iko chini ya mguu mmoja wa meza ya televisheni. Meza ilikuwa inayumba.

Sikugomba, ingawa roho iliniuma. Nilikichomoa, nikapangusa vumbi, nikaanza kusoma kwa sauti pale pale, kama mtu anayejisomea mwenyewe: nchi iliyo angani, na Karama anasimamishwa barazani kushtakiwa, na kosa lake eti ni kuwafundisha watu mambo ya sheria. Nikafika hapo, nikafunga kitabu, nikaomba maji ya kunywa. Kijana akanitazama.

"Sasa wakamfanya nini?"

"Mimi naondoka, jua linazama."

Akakichukua mkononi mwangu. Baada ya siku nne alikuja kibandani, ananihadithia mimi habari za wale wajumbe sita waliotumwa pande zote wakarudi na mambo ya maana, halafu wakafungwa. Alikuwa amekasirika kwelikweli, kama waliofungwa ni wajomba zake. Sikumwambia kuwa najua. Meza ya dada niliitilia kipande cha tairi.

Kosa la pili lilikaribia kunivunjia urafiki. Mteja wangu mmoja, mtu mzima, alikuwa kwenye ugomvi wa mirathi na nduguze wawili. Kila akija ni nyumba ya marehemu, minazi ya marehemu. Nami kwa ujuaji wangu nikaona dawa yake ninayo: *Adili na Nduguze*. Nikampa, nikaongeza na jicho la kujua. Kwa asiyekisoma, Adili ana manyani wawili anaowachapa kila usiku huku akilia, na manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa baada ya kumfanyia ubaya. Nilitaka aone kuwa Adili aliwapenda hata hivyo. Jamaa aliishia kwenye manyani. Alirudi asubuhi, akakitupa kitabu juu ya karai, maji yakaniruka.

"Fundi, kwa hiyo ndugu zangu mimi ni nyani?"

Nikasema sivyo, bwana, soma mpaka mwisho. Hakutaka. Ilichukua karibu mwaka kuja tena, na alikuja kwa kuwa fundi wa jirani alikuwa amesafiri. Kitabu kile bado ninacho, kimevimba kwa maji. Tangu siku hiyo simchagulii mtu kitabu kwa kuangalia kidonda chake. Mtu ananusa. Akijua umempa kwa sababu umemhukumu, hata kiwe kizuri namna gani, hasomi, anatafuta ulipomtukana.

Ninachoangalia siku hizi ni mtu anapenda kuzungumza nini akiwa hana neno la kulalamikia. Kuna kijana wa bandarini, mbeba mizigo, ambaye kwenye benchi hadithi zake zote ni za meli: hii imeleta nini, ile nahodha wake mkali vipi. Huyo nilimwambia tu kuna kitabu cha makuli wa Unguja, kinaitwa *Kuli*, kakiandika Shafi Adam Shafi, na mgomo wao wa 1948 umo. Basi. Sikusema kitamfundisha nini. Nilikuwa nimeshika msasa, nikaendelea kusugua mpira.

Halafu kuna mambo madogo ambayo hakuna anayekwambia. Nakala yenye maandishi yako pembeni usiiazimishe kamwe. Ukiipoteza umepoteza vitu viwili, na tena mtu atakuwa anasoma mawazo yako badala ya yake. Nunua ya pili, hata iliyotumika, hata isiyo na jalada. Weka daftari, jina na tarehe, lakini daftari liwe la kukukumbusha wewe, lisiwe la kumdai mtu mbele za watu. Na usiulize "umefika wapi?" Swali hilo lina harufu ya mwalimu wa zamu. Vitabu vinavyopotea kwangu si vichache. Mwanzoni nilikuwa nanuna. Siku moja nikamkuta mama muuza mihogo, sijawahi kumwazima chochote, anasoma kitabu chenye doa langu la grisi kwenye jalada. Kimepita mikono mingapi mpaka kufika kwake sijui. Nilinunua mihogo nikaenda zangu.

*Kuli* haijarudi, ni mwezi wa nne sasa. Yule kijana hupita kila asubuhi akielekea bandarini, na akifika usawa wa kibanda hupiga kengele mara mbili bila kusimama.

"Fundi, nairudia tena toka mwanzo!"

Namwambia angalia breki.