Sanaa, Sanifu na Sanamu: Je, Ni Ndugu?

SWALI: Neno "sanaa" asili yake nini? Na je, "sanifu" na "sanamu" zimetoka shina moja nalo?

JIBU: Sanaa ni neno la Kiarabu. Mzizi wake ni herufi tatu, swad, nun na ain, na maana yake ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Ndiyo sababu Waarabu hujenga neno la "kiwanda" juu ya mzizi huohuo. Uchoraji na muziki wao huviita fann, neno ambalo sisi tumelifanya "fani": tawi la ujuzi, au umbo la kazi ya fasihi tunapolitenga na maudhui. Maneno haya mawili yamepishana njiani, na hilo huwachanganya wengi wanaotafsiri kutoka Kiarabu.

Sanifu na sanamu si ndugu zake. Tazama herufi ya tatu: sanifu ina fa, na mzizi wake ni kupanga vitu kwa aina au kutunga, sanamu ina mim, na asili yake ni kinyago cha kuabudiwa. Kiswahili kimehifadhi f na m, lakini sauti ya ain hatuna. Ilipodondoka zikabaki a mbili, kama katika "saa". Zitamke zote, sa-na-a, mkazo ukiwa kwenye na. Ukiacha moja unapata "sana", na "kazi za sana" haina maana yoyote.

SWALI: Kwa nini aliyesomea historia hupewa shahada ya sanaa, ilhali hakufundishwa kuchora?

JIBU: Jina hilo limerithiwa kutoka neno la Kilatini ars, ambalo lilihusu ustadi wowote unaofundishika, hata wa tabibu. Vyuo vya Ulaya ya zama za kati vilikuwa na sanaa saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Maana finyu ilishika mizizi karne ya 18. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux aliweka muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi katika kundi moja la sanaa nzuri. Shahada ilibaki na maana pana ya zamani.

Kwa hiyo tafsiri ya "sanaa" hapa ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani, kwani sanaa yetu nayo chimbuko lake ni ustadi. Ukihofia msomaji atafikiria brashi, taja somo: "shahada ya sanaa katika historia".