Wembe wa kinyozi: anza na shavu moja

Wembe wangu wa kwanza niliuokota kwenye mitumba ya vyombo pale Karume, Ilala, Dar es Salaam, umelala ndani ya boksi pamoja na vijiko na mikasi iliyochoka. Ulikuwa wembe wa kinyozi wa kukunja, ule ambao makali yake yanaingia ndani ya mpini. Kwenye shingo yake palisomeka kwa shida neno Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani uliojijengea jina kwa visu na nyembe kwa karne nyingi, na mimi nilikuwa nimeusoma vya kutosha kujua nimeshika nini. Nikatoa elfu kumi na tano bila kuomba kupunguziwa, nikaupeleka moja kwa moja kwa fundi anayezunguka mitaani na jiwe la kunolea visu juu ya baiskeli.

Akakanyaga pedali, jiwe likazunguka, cheche zikaruka. Ulirudi unang'aa. Nilipofika nyumbani nikausogeza dirishani na kuuona mstari mwembamba wa bluu ukitambaa kando ya makali, kama ule unaouona kwenye sufuria ya chuma iliyosahauliwa motoni. Ndiyo ulikuwa mwisho wake. Makali ya wembe ni membamba mno, na jiwe kavu linaloenda kasi huyapasha moto hadi chuma kinapoteza ugumu. Chuma kikishafika rangi ile, hata ukikinoa mwaka mzima hakishiki makali tena. Fundi yule alifanya anachofanya kila siku kwa mapanga na visu vya jikoni. Mimi ndiye niliyempelekea kitu kisichokuwa chake.

Nimeanza na mkasa huu kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu wembe huu huniuliza namna ya kuushika. Swali la kwanza liwe: unakata kweli? Wembe unaokata karatasi bado haujafika kukata ndevu. Ukiwa butu kidogo tu utavuta, utakwaruza, na utasema wembe wa kinyozi haufai wakati hujawahi kuutumia. Wa kwanza nunua kwa mtu aliyeunoa kwa ajili ya kunyolea, akuthibitishie hivyo. Mawe yake ni ya daraja nyingine kabisa: huanza na jiwe namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), hupanda 4000, 8000, na wengine humalizia 12000, yote kwa maji na kwa mkono mwepesi. Kinoo cha panga kutoka duka la vifaa vya ujenzi usikiguse.

Kilichonipeleka kwenye wembe huu ni vipele. Nilikuwa navyo shingoni tangu nilipoanza kunyoa, na nikijua ni vijana wangapi wa hapa mjini wanaotembea navyo wakifunga kola hadi juu ili visionekane. Ndevu zetu hukua zikijikunja. Ukizikata karibu sana, hasa kwa zile nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne, kila unywele huvutwa kidogo kabla ya kukatwa, kisha hurudi chini ya ngozi. Ukianza kuota tena unajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Mwingine hutoka vizuri, halafu hujikunja na kuingia pembeni. Mwili unauona kama mwiba, unauvimbia.

Wembe wa kinyozi una kali moja. Linapita, linakata linachokikuta, basi. Faida yake kwetu iko hapo, lakini faida hiyo unaipata tu ukikubali kutonyoa hadi ngozi iwe laini kama ya mtoto. Pita mara moja, ukifuata ndevu zinakoelekea. Ukipapasa jioni utasikia mchanga kidogo, na huo mchanga ndio afya ya ngozi yako. Siku nilipoacha kupigana nao, vipele vyangu vilianza kupungua, na baada ya miezi miwili shingo ilikuwa imetulia. Mwenye vipele vilivyotunga usaha, au ambaye kovu dogo kwake huvimba na kuwa kubwa, asianze na wembe wowote. Aende kwanza kwa daktari wa ngozi, na pengine atashauriwa abaki na mashine na kuacha ndevu fupi. Ni ushauri mzuri, aufuate.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Magomeni aliyenyoa watu kwa wembe kabla mashine hazijajaa kila saluni. Nilimkuta kibarazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunyolewa?"

"Nimekuja kujifunza."

Akaniambia nirudi baada ya siku tatu, nisinyoe. Niliporudi alinikalisha, akafumba macho, akaanza kunipapasa uso kwa ncha za vidole, taratibu, kipande kwa kipande. Mashavuni: chini. Kwenye taya: chini, zikikimbilia nyuma. Alipofika shingoni upande wa kushoto akasimama. "Huku zinapanda," akasema. Miaka yote ile nilikuwa nikishusha wembe pale nikidhani nafuata ndevu, kumbe nazipinga. Vipele vyangu vingi vilikuwa palepale kwenye kiganja kile cha ngozi.

Kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kushika chochote. Acha ndevu siku tatu, papasa kwa vidole kila upande. Kunakoteleza ndiko zinakoelekea, kunakokwama ndiko usikopaswa kwenda. Chora kwenye karatasi kama unasahau. Mimi nilichora.

Kisha maji. Watu husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, wakimaanisha ujiandae na yatakayokufika. Kwa kinyozi maneno hayo ni kazi halisi: unywele mkavu ni mgumu, uliokunywa maji kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika bila kuvuta. Oga kwanza, au jikande kwa taulo la maji ya uvuguvugu. Na angalia ni maji gani. Nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni haipigi povu la maana humo. Linatoka jepesi na kukauka usoni kabla hujamaliza shavu. Mimi huweka lita moja ya maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya povu tu. Tumia brashi, zungusha hadi povu liwe zito kama mtindi.

Sasa shika wembe. Vidole vitatu juu ya shingo yake, kidole cha mwisho kwenye mkia, kile kichomozo kilichopinda nyuma, gumba chini. Mgongo wa wembe usogeze karibu na ngozi, kama digrii 30. Ukilala zaidi unavuta, ukisimama zaidi unakata nyama. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Na usiupeleke ubavu kwa ubavu kama unakata mkate, kwa kuwa majeraha mengi hutoka kwenye kosa hilo.

Mkono wa pili ndio unaonyoa kwa kweli, kwa sababu ndio unaovuta ngozi ikakaza. Vidole vyenye povu huteleza, na ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali. Sugua shabu kwenye ncha za vidole, ile inayouzwa kama jiwe jeupe kwenye maduka ya dawa za asili Kariakoo, utaona vinavyoshika. Shabu hiyohiyo ukiilowesha na kuipitisha penye mkwaruzo, damu husimama.

Wiki mbili za kwanza nyoa shavu moja tu, la upande wa mkono unaoutumia, kutoka kwenye sharafa hadi usawa wa taya. Palipobaki malizia na kifaa chako cha zamani. Najua inachosha. Lakini shavu ni pana, limetulia juu ya mfupa, na hapo mkono hujifunza pembe bila hofu. Shavu la pili ni gumu kuliko unavyodhani: mkono unakatiza mbele ya uso, kioo kinakugeuzia kila kitu, na ndipo utaelewa kwa nini wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Lipe wiki nyingine mbili. Usinyoe ukitokwa jasho, usinyoe kwa mwanga wa simu umeme ukikatika, na usinyoe ukiwahi daladala. Usiku, baada ya kuoga, feni ikiwa imewaka, ndiyo saa yangu.

Kabla ya kila kunyoa, pitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi. Wangu alinikatia fundi viatu, ngozi ya ng'ombe isiyo na mikunjo, upana kama vidole vitatu. Ukaze vizuri, laza wembe bapa, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho geuza juu ya mgongo, kamwe usigeuze juu ya makali. Mara thelathini kwenda na kurudi, polepole. Haraka inakatakata mkanda na kuharibu makali kwa pamoja.

Wengine wataona ni rahisi kuanza na kishikio kinachopachikwa nusu ya wembe wa kawaida, kama vinavyotumika saluni. Hakihitaji kunolewa, na mtu mwenye kazi nyingi sitamkataza, ila ni kikali na chepesi, hakisamehi kosa dogo. Na wowote utakaotumia, usiushiriki na mtu, awe ndugu yako au mwenzako wa chumba. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini hupita kwa damu ambayo jicho halioni.

Hewa yetu ni adui mwingine. Chuma cha nyembe nyingi za zamani hushika kutu, na kwa unyevu wa Dar madoa huonekana hata kesho yake. Ukimaliza, suuza, futa kutoka mgongoni kuelekea makali, uache wazi mbele ya feni, kisha paka tone moja la mafuta ya cherehani. Usiuhifadhi bafuni. Wangu uko kabatini juu, ndani ya soksi kavu, watoto hawafiki.

Koromeo niliiacha hadi mwezi wa tatu, na hata leo naifikia mwisho. Navuta ngozi pembeni hadi itoke pale kwenye koromeo, nanyoa vipande vifupi vya sentimita moja moja, kisha naachia. Upande ule wa kushoto, ambako mzee alisimamisha vidole, naupitisha wembe kwenda juu.